Zabibu mwitu za Carolina (maskadaini): usichume, okota

#1 MwanaMpwapwa

Wakuu salaam. Mwaka jana kwenye uzi wa matunda ya utotoni nilisema huku niliko kuna zabibu zinajiotea porini, bure, mpaka juu ya misonobari. Watu wawili watatu wakaniambia hiyo ni chai. Leo nimetoka kazini alfajiri, nimepitia msituni, nimerudi na ndoo. Kwa hiyo naandika ushahidi ukiwa mdomoni.

Niko North Carolina, maeneo ya Fayetteville, mwaka wa 11 sasa. Napiga shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Njia yangu ya kurudi ina kipande cha mchanga chenye misonobari, na kila ikiingia Septemba nilikuwa nasikia harufu pale. Tamu, nzito, kama mtu kamwaga juisi juani akaisahau hadi ikaanza kuchachuka. Miaka mitatu nilijua kuna kiwanda karibu. Siku moja nikamuuliza bibi jirani yangu, Mmarekani mweusi mwenyeji wa hapa, kashavuka miaka 80. Alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Akasema, "Mwanangu, miaka mitatu unapita chini ya zabibu unauliza kiwanda?"

Wenyewe wanaziita muscadine, mimi nitaandika maskadaini ulimi usipate tabu. Kwa wale wa sayansi ni Vitis rotundifolia, hilo neno la pili likimaanisha majani ya mviringo. Ni mzabibu wa asili wa kusini-mashariki ya Marekani, hakuna aliyeuleta. Unaanzia Delaware unashuka hadi Florida, halafu unakwenda magharibi mpaka Texas. Huku kwetu zinaiva kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba.

Sasa kosa langu la kwanza. Mimi ni mtoto wa Mpwapwa, zabibu nilizozijua ni za Dodoma: kichala, mkasi, kreti. Nikaingia msituni na akili hiyo hiyo. Nikavuta mizabibu, nikachuma kila punje nyeusi niliyoiona, mfuko ukajaa. Robo tatu zilikuwa kali za kukunja uso. Bibi akaangalia mfuko akasema hizi umezipora, iliyoiva inaachia yenyewe.

Na ndivyo ilivyo. Maskadaini haina kichala cha maana. Zinakaa punje tano, sita, nane pamoja, na kila punje inaiva kwa siku yake. Pembeni ya iliyoiva utakuta moja ya kijani kabisa. Ikiiva inadondoka kwa kuguswa tu, au hata bila kuguswa. Kwa hiyo huchumi. Unatandika kitu chini, unashika mzabibu, unatikisa taratibu, unasikia mvua. Kinachobaki juu bado siku zake. Wiki ijayo unarudi pale pale.

Mimi nilitandika kanga ya mama watoto. Ilikuwa kwenye gari, mpya, imeandikwa JAPO KIDOGO CHATOSHA KWA WAPENDANAO. Madoa ya zambarau hayajatoka hadi leo na sitaki kuliongelea hilo.

Kula nako kuna namna yake. Ukiitafuna nzima kama zabibu ya dukani utaichukia, kwa sababu ngozi yake ni nene hasa, kama zambarau iliyovaa koti la baridi. Unaishika, lile tundu la kikonyo unalielekeza mdomoni, unabana. Ngozi inapasuka, nyama inaruka ndani mzima mzima, inateleza kama jicho la samaki. Mbegu unatema. Halafu usitupe ngozi bado! Ile juisi iliyobaki kati ya ngozi na nyama ndiyo tamu kuliko yote. Inyonye kwanza.

Karibuni kwa maswali, nalala saa tatu.

#2 Kapuku_Mbagala

Nimekaa paleee na kiti changu.

Mkuu, "jicho la samaki" siyo tangazo zuri la biashara.

#3 Bungo_Pemba

Assalaam aleikum. Mimi niko Maskati na hii maskadaini imenishtua. Ina uhusiano na huku?

Maana ulivyoeleza kula kwake, nimeliona bungo kabisa. Bungo nalo ni mmea wa kutambaa, linapanda miti mikubwa huko Pemba, ganda gumu, ndani kokwa zimevaa nyama yenye ukali na utamu mahali pamoja. Unamumunya, unatema kokwa. Na watoto wenye akili hawapandi juu, wanasubiri yaanguke.

#4 MwanaMpwapwa

Waaleikum salaam. Maskati haihusiki, pole. Jina linatokana na zile zabibu za Ulaya za muscat, na mzizi wake ni miski. Ndiyo, miski hii hii ya kujifukizia. Walowezi walipozinusa wakakumbuka zabibu zao za harufu. Ukipita chini ya mti Septemba utaelewa kwa nini waliangukia jina la manukato.

Bungo umenena. Tofauti ni kwamba bungo utalikamulia juisi ya sukari na watu watano wakashiba, maskadaini tano ni za kuonja.

#5 Bwana_Shamba_Dom

Mleta uzi, nalima zabibu Hombolo, ekari mbili. Nina maswali manne, nijibu kwa mpangilio.

1. Hizo zinakatwa matawi na nani huko porini? Sisi bila kupogoa hakuna zabibu.
2. Ukungu je? Mvua ikizidi huku tunapiga dawa mpaka mgongo unauma.
3. Mavuno mara ngapi? Sisi mara mbili kwa mwaka.
4. Naweza kupata mbegu?

#6 MwanaMpwapwa

Kaka umenikamata pabaya, mimi ni mlaji. Namba 3 najua: mara moja tu, baridi ikiingia mzabibu unapukutisha majani yote unalala. Namba 1, nadhani anayepogoa ni kulungu. Mengine waje wajuzi.

#7 Daktari_wa_Majani

Nimeitwa? Nimesoma mimea, na miaka miwili nilikuwa Georgia masomoni, kwa hiyo nimezila na nimezisoma.

Kupogoa: mzabibu wa porini haupogolewi, ndiyo maana unazaa juu huko kwenye jua wakati chini ni majani matupu. Unaweza kupanda mita 20 na zaidi kufuata mwanga. Mashambani wanaupogoa kila majira ya baridi, kwa sababu matunda hutoka kwenye machipukizi ya mwaka huu yaliyoota juu ya tawi la mwaka jana. Kanuni ni hiyo hiyo ya Hombolo.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima atalielewa haraka kwa mfano wa mpapai. Mizabibu hii ya porini ina dume na jike, kila mmoja mti wake. Dume linachanua vizuri na halizai hata punje. Ukiona mzabibu mkubwa, jua la kutosha, na miaka yote hakuna kitu, usilaumu udongo. Mashambani kuna aina zilizozalishwa zenye maua kamili, kwa mfano Carlos na Noble, hizo zinajichavusha.

Ukungu na magonjwa: hapa ndipo maskadaini inapochukua heshima. Kusini ya Marekani kuna ugonjwa wa bakteria unaoitwa ugonjwa wa Pierce, unaenezwa na wadudu wanaonyonya maji ya mmea. Mizabibu ya asili ya Ulaya, pamoja na hiyo Chenin Blanc mnayolima Dodoma, ukiipanda pale inakauka ndani ya miaka michache. Maskadaini inaishi nao tu. Hata yule mdudu wa mizizi, filoksera, aliyefagia mashamba ya Ufaransa karne ya 19, haipi shida.

Utauliza kwa nini wasiunganishe tu, juu Chenin Blanc chini maskadaini. Walijaribu. Ni ndugu wa mbali mno. Zabibu za kawaida zina kromosomu 38, maskadaini ina 40. Kupandikiza hakushiki vizuri na kuzalisha chotara ni kazi ya kuchosha.

Mbegu: zitaota, lakini hazitafanana na mama, na nusu zinaweza kuwa dume. Vipande vya tawi kavu navyo ni vigumu kutoa mizizi, si kama zabibu zenu mnazochomeka tu. Njia ya uhakika ni kulaza tawi hai, kulifukia katikati na kusubiri. Na tafadhali mtu asipakie mche kwenye sanduku la nguo. Kuingiza mmea kuna vibali vya afya ya mimea, kwa Tanzania ni TPHPA. Dodoma yenyewe ni kavu, hii inapenda unyevunyevu. Mimi nisingeisumbukia.

#8 Bwana_Shamba_Dom

Mfano wa mpapai umeniingia. Basi nitaendelea na zabibu yangu nyekundu ya Makutupora. Ila hiyo ya kuishi na magonjwa bila dawa imeniuma.

#9 ShangaziMarietta

Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya, niko Marietta, Georgia, na nimekuja kuharibu sherehe kidogo.

Hii mambo ya kuingia msituni ya watu, vijana wangu, pole pole. Hapa karibu kila kipande ya msitu kina mwenyewe. Ukiona mti umepakwa mstari wa rangi ya zambarau, hiyo si mapambo, mwenye shamba anakuambia kaa nje. Gonga mlango, jitambulishe, omba. Mimi nimegonga milango mingi na wengi wanakubali, mzee mmoja hata alinisaidia kutikisa. Lakini kuonekana umejificha kwenye miti ya mtu na mfuko, na ngozi hii yetu, sitaki kusikia habari yako kwa televisheni. Pia Septemba wawindaji wa upinde wameanza kuingia msituni. Vaa kitu cha rangi ya chungwa inayong'aa, hata kofia.

Mbuga za serikali kila moja iko na sheria yake, zingine wanaruhusu kidogo ya kula, zingine hawataki uguse kitu. Uliza kabla.

La mwisho: kando ya reli, chini ya nyaya za umeme na barabara kubwa, usiokote. Wanapulizia dawa ya kuua magugu. Zabibu itakuwa imeiva vizuri tu na iko na dawa juu yake.

Ama fanya kama mimi: nenda shamba ya kuchuma mwenyewe, unalipa kwa uzani, punje ni kubwa mara mbili, hakuna nyoka.

#10 Kapuku_Mbagala

Nyoka?? Mleta uzi hukutaja nyoka.

#11 MwanaMpwapwa

Sikutaja kwa sababu nilitaka uje kunitembelea 😂

Wapo. Kuna mmoja wa rangi ya shaba, madoa yake kama majani makavu, na anapenda kulala kwenye majani makavu hayo hayo. Bibi alinipa fimbo. Unapiga piga chini kabla ya kutandika, na mkono hauingii usipopaona. Kupe nao ni wengi: suruali ndefu, soksi juu ya suruali, ukirudi unajikagua hadi nyuma ya magoti. Manyigu wa ardhini ndio wabaya zaidi kwangu, wanakuja kwa zile zilizodondoka na kupasuka. Usiokote kwa kusomba. Angalia kila unayoshika.

Na kuna mmea wa majani matatu matatu unaopanda kwenye misonobari hiyo hiyo, shina lake likizeeka lina nywele kama mkia wa ngedere. Usiuguse. Mafuta yake yanawasha kuliko upupu, ila upupu unakuambia papo hapo, huu unasubiri kesho au keshokutwa. Mafuta yanakaa hadi kwenye nguo na viatu. Ukihisi umeugusa, osha kwa sabuni mara moja.

Shangazi, nimekuelewa kuhusu mlango. Kipande changu ni cha binamu wa bibi, ruhusa ninayo. Lakini zile za shambani siyo zangu. Ni kubwa, ni tamu, hazina ule ukali wa mwisho unaokutoa machozi kidogo. Nilizila nikaona kama nakula binamu yake aliyesoma shule ya bweni.

#12 ShangaziMarietta

Binamu aliyesoma bweni ndiye analipa bili. 😄 Zile zako ndogo nyeusi ukimenya kilo mbili vidole vinawasha kwa asidi. Tumia glavu.

#13 WaUvira

Jambo yenu bote. Mimi ni wa Uvira, niko Greensboro tangu 2016. Huyu ndugu hasemi bongo, anasema kweli, hata siye tunaziokota. Mwanzo nilikuwa ninaogopa, kule kambini walitufundisha usile kitu cha pori usichokijua. Sasa ninauliza: mtu atajua je kama ni zabibu ya kweli? Mwaka jana mtoto wangu alileta matunda meusi, yalifanana sana, mama yake akayatupa.

#14 Daktari_wa_Majani

Mama yake alifanya sawa. Swali hili lilitakiwa liwe la kwanza kwenye uzi mzima.

Anza na jani. La maskadaini ni dogo kama kiganja cha mtoto, mviringo au moyo, halijagawanyika, ukingo una meno makubwa kama msumeno, linang'aa juu na chini. Kisha tafuta vile vikono vinavyojiviringisha kujishikiza. Vya maskadaini havigawanyiki, ni uzi mmoja tu. Zabibu mwitu nyingine za huko vikono vyake vina panda, na gome linachunika kama nyuzi za katani. Gome la maskadaini limebana shina, lina vidoadoa. Hizo nyingine nazo zinalika, hazina shida.

Mwenye shida ni huyu: kuna mmea wa kutambaa wa sumu, matunda meusi ya vichala, kwa mbali ni zabibu kabisa. Hauna vikono kabisa. Ukingo wa jani hauna meno. Na ukipasua tunda utakuta mbegu moja tu, bapa, imepinda kama mwezi mwandamo, na jina lake la kule linatokana na mwezi huo. Zabibu mbegu zake ni kadhaa, zina umbo la chozi. Kwa hiyo hata ukiwa na uhakika, pasua ya kwanza uone mbegu kabla hujala. Mbegu ya mwezi, tupa yote, nawa.

Wengine wawili wa kuwafundisha watoto. Mmoja ana majani matano kutoka sehemu moja kama vidole, anapanda kuta na miti, matunda ya buluu: usile. Mwingine si wa kutambaa, anasimama mwenyewe, shina lina rangi ya damu, matunda meusi yamening'inia kwenye bua refu: usile, ni sumu, na watoto wanampenda kwa sababu anatia rangi mikono.

Watoto wasile kitu msituni mpaka mkubwa apasue.

#15 WaUvira

Asante sana daktari. Hiyo ya mwezi nitaionyesha bamama ba kanisa Jumapili. Siye tunachemsha, tunatia sukari, tunakunywa baridi. Kuna mzee mmoja anafanya divai, lakini huyo hatumsemi.

#16 Kapuku_Mbagala

Mzee huyo ndiye tunamtaka. Hiyo divai inaruhusiwa au ni mambo ya gongo?

#17 MwanaMpwapwa

Divai ya nyumbani ruksa. Sheria ya taifa inamruhusu mtu mzima galoni 100 kwa mwaka za kunywa nyumbani, na nyumba yenye watu wazima wawili galoni 200. Kuuza hapana. Kuikanza itoke gongo, hapo umevuka na utafuatwa. Maskadaini za porini hazina sukari ya kutosha kutoa divai peke yake, kwa hiyo watu wanaongeza. Ndiyo maana divai ya huku ni tamu kama soda.

Halafu msidharau. Kabla ya marufuku ya pombe, North Carolina iliwahi kuwa moja ya majimbo makubwa ya divai nchi hii, na divai iliyouzwa sana ilikuwa inaitwa Virginia Dare, ya zabibu hizi hizi. Ile ya rangi ya shaba, siyo nyeusi, wanaiita Scuppernong, jina la mto ulioko mashariki ya jimbo. Tangu 2001 ndiyo tunda rasmi la jimbo. Na kule kisiwa cha Roanoke, mji wa Manteo, kuna mmoja wanauita Mzabibu Mama. Wanakadiria una miaka 400. Nimeenda kuuona, ni saa nne na zaidi kwa gari kutoka kwangu. Shina ni kama mti, limejisokota, na umetandazwa juu ya uchanja kama paa la soko. Mwaka 2010 fundi wa mkandarasi wa umeme alipita anapulizia dawa chini ya nyaya, ikaugusa. Ukaanza kukauka. Walikata matawi yaliyoathirika, wakaumwagia maji, wakauokoa. Shangazi, nilipouona nilikumbuka neno lako la nyaya za umeme kabla hujaliandika.

Mwingereza mmoja, Arthur Barlowe, alifika pwani ile 1584 akaandika kwamba nchi imejaa zabibu hadi mawimbi ya bahari yanazifunika. Wenyeji walikuwa wanazila zamani sana kabla yake, ila wao hawakupewa kalamu.

#18 Bungo_Pemba

Sisi tusiokunywa tupatie chetu. Siki? Jamu?

#19 ShangaziMarietta

Jeli, na usiharakishe.

Osha zabibu, ziponde kwa mwiko, weka maji kidogo tu ya kuzuia kuungua. Chemsha dakika kumi hadi kumi na tano, chuja kwa kitambaa bila kukamua, ukikamua itakuwa na mawingu. Sasa hapa wengi wanaharibu: juisi iweke kwa friji usiku mzima. Asubuhi utaona chini kuna chengachenga kama mchanga wa glasi. Hiyo ni chumvi ya asidi ya zabibu. Mimina juu taratibu, acha chengachenga chini, la sivyo zitarudi ndani ya chupa na utadhani umetafuna vioo.

Vikombe 4 vya juisi, vikombe 3 vya sukari. Moto mkali, usitoke jikoni. Kijisahani kiweke kwa friza kabla. Ukidondosha tone likajikunja ukilisukuma kwa kidole, zima. Ukiweka chache ambazo hazijaiva vizuri zinasaidia kugandisha. Kwa hiyo MwanaMpwapwa ule mfuko wako wa kupora haukuwa wa kutupwa.

#20 Bungo_Pemba

Allah akubariki shangazi. Na maganda mimi ningeyatia achari. Pilipili, kitunguu saumu, siki, bizari, juani siku tatu. Ganda nene kama hilo halivurugiki. Hapa hakuna maskadaini lakini nawapa wazo, mtu ajaribu aniambie.

#21 Kapuku_Mbagala

Mimi bado naona zabibu za dukani zisizo na mbegu ni ushindi wa binadamu. Tunda la kutema ngozi, kutema mbegu, kukwepa nyoka, manyigu, kupe, majani matatu, na mwenye shamba. Faida iko wapi?

#22 MwanaMpwapwa

Kapuku, wewe ulipokuwa mdogo uliwahi kununua zambarau?

Mimi kwetu nilizifuata kwa miguu, nikarudi ulimi wa buluu nikachapwa, kesho nikaenda tena. Kazini nafanya usiku kucha nageuza wazee wa watu, wengine hawanijui jina. Nikitoka saa moja asubuhi mwili umekufa. Nakaa chini ya ule mti dakika ishirini, nakula kumi, kumi na tano, natema mbegu mbali kadiri ninavyoweza. Hakuna anayeniita. Za dukani nanunua pia, watoto wanapenda. Hazinifanyi niegeshe gari.

Kwa anayeanza: tafuta pembezoni, siyo katikati ya msitu. Ukingo wa shamba, ua wa zamani, kingo za mto, mahali jua linapofika chini. Pua itakuambia kabla ya macho. Halafu angalia chini. Ukiona maganda matupu yaliyonyonywa, mnyama kakutangulia, inua kichwa, mzabibu uko juu yako. Enda asubuhi kabla ya joto, manyigu bado wamezubaa. Ukifika nyumbani mwaga kwenye beseni la maji, zilizopasuka tupa, zilizobaki kausha. Kwenye friji zinakaa wiki moja bila shida. Ukigandisha zikiwa nzima, Desemba unazimumunya kama barafu.

Nakwenda kulala.

#23 MamaKanga_NC

Habarini za mchana. Mimi ndiye mwenye kanga.

Mume wangu amelala, nimekuta kompyuta wazi, nimesoma uzi wote. Nina marekebisho.

Ile kanga haikuwa "kwenye gari". Ilikuwa kabatini, bado haijakatwa, doti nzima, nililetewa na dada yangu kutoka Dar. Aliichukua yeye akaigawa kwa kisu cha jikoni.

Pili, anavyowaelezea majani matatu utadhani kayasomea. Mwaka wa kwanza alirudi na zabibu ndoo moja na rundo la hayo majani kwa juu, ameyatumia kufunika zisipate jua. Amekumbatia ndoo kwenye gari njia nzima. Wiki mbili alilala amenyoosha mikono kama anasulubiwa, anawaambia watu zabibu za huku zina sumu. Bibi jirani ndiye aliyekuja akaangalia ndoo akauliza, nani kaweka haya humu?

Tatu, hajawaambia kuhusu pai, na pai ndiyo sababu namruhusu aende. Bibi alinifundisha. Unatenga nyama na maganda. Nyama unachemsha hadi mbegu ziachie, unachuja. Maganda unachemsha peke yake kwa maji kidogo hadi yalainike kabisa, hapo usiwe na haraka, yakibaki magumu umeharibu. Unachanganya pamoja na sukari, unga kidogo wa kugandisha, siagi, ndimu. Bibi anatia mdalasini, mimi natia iliki. Unafunika kwa unga, unaoka hadi juu iwe kahawia na zambarau ichungulie pembeni. Siku ya kwanza kutia iliki bibi alikaa kimya muda mrefu, nikajua nimemkosea. Akaomba kipande kingine.

@Bungo_Pemba maganda ya mwisho yapo kwenye friza, nitajaribu hiyo achari wikendi hii, ila nipe kiasi cha siki.

Na Kapuku, kipande cha pili cha kanga bado kizima. Jumamosi ni zamu yangu kutikisa, yeye ataokota.

#24 Bungo_Pemba

Kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maganda, dada. Chumvi usiogope.

#25 Kapuku_Mbagala

Kafunika ndoo kwa yale majani 😭😭😭 Mkuu ukiamka usifungue uzi.